Vidonge vya virutubisho aina tatu kwa siku, au ndo najimaliza?

kiatu_kipya: Wakuu habari. Nina kama miezi mitano asubuhi nameza multivitamini, mchana kidonge cha nywele na kucha, usiku magnesiamu iliyochanganywa na vitamini B6, nilianza na moja tu sasa kila rafiki anakuja na yake nami naongeza. Wiki mbili hizi nyayo zinachoma, vidole vya miguu ganzi, usiku ndo balaa. Sukari nimepima iko sawa. Yaweza kuwa hivi vidonge au navisingizia? Muuzaji aliniapia ni asili tupu.

mzee_wa_lebo: Mkuu geuza makopo yote matatu usome nyuma, tafuta B6, kuna wanaoiandika pairidoksini, halafu jumlisha. Watu tunajua vitamini za kuyeyuka kwenye maji zikizidi zinatoka na mkojo basi, ila B6 ukiizidisha muda mrefu inaharibu neva na dalili ndo hizo hizo unazosema. Ulaya tangu 2023 kikomo kwa mtu mzima ni mg 12 kwa siku, Marekani bado wako kwenye 100. Na hiyo "asili", hata sumu ya nyoka ni asili 😂

Mama Pacha: Cha nywele mara nyingi kina bayotini (vitamini B7) ya kufa mtu, mwambie daktari kabla hujatolewa damu. Mimi majibu yalisema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, nikalia weee, nikaambiwa niache vidonge siku kadhaa nirudie, kumbe tezi nzima kabisa bayotini ndo ilivuruga kipimo.

dada_wa_zamu: Na wenye mimba msimeze multivitamini yoyote tu, vitamini A ya aina ya retinoli ikipita mcg 3,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vidonge vya madini chuma vificheni, watoto wanadhani pipi na wanakufa kweli.

kiatu_kipya: Nimejumlisha B6 jamani. Mg 3, 10, na cha usiku peke yake 25. Yaani 38 kila siku na mi najiona najali afya. Nimeacha vyote, kesho naenda kliniki.

mzee_wa_lebo: Beba na makopo yenyewe, usimtajie kwa kichwa. Na usishtuke ganzi isipoisha wiki hii, neva hupona taratibu, yaweza kuchukua miezi.