Mtoto wa darasa la tano afundishwe haki zake za kikatiba, au asubiri akue?

Mama Zuhra: Wakuu habari za jioni. Nimepitia daftari la mwanangu la Uraia na Maadili, yuko la tano, bendera ipo, ngao ya taifa ipo, wimbo wa taifa beti zote mbili, lakini muulize mtu akikamatwa na polisi ana haki gani, kimya. Na Katiba yetu ya Tanzania imeandikwa Kiswahili, haki na wajibu zinaanzia ibara ya 12 mpaka ya 29, kurasa chache tu. Ibara ya 18 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake", hapo neno gumu ni lipi kwa mtoto? Tunawakaririsha alama za nchi, hatuwaambii wao wenyewe ni nani ndani ya hiyo nchi. Ila walimu wengi sidhani kama hata wamewahi kuishika hiyo Katiba. Mnaonaje, waanze la tano au mapema mno?

Ticha wa Kanda ya Ziwa: Hiyo ya walimu hawajaishika Katiba umeitoa wapi dada? Mimi nafundisha hilo somo, darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini, kitabu kimoja wanagombania watoto sita, nikimaliza kusahihisha ni usiku. Halafu mtu kakaa kwake anatutukana. Kama unayo Katiba nyumbani si umfundishe mwanao mwenyewe, kwani wa kwangu?

Baba Kulwa: Mimi napinga moja kwa moja. Haki haki haki, wajibu uko wapi? Mtoto hajui hata kufagia uwanja unamfundisha uhuru wa maoni, kesho anakujibu "baba nina haki". Enzi zetu haya mambo hayakuwemo kwenye Katiba na tumekua tuna heshima zetu. Viboko vilitunyoosha.

Wakili Mtarajiwa: Baba Kulwa, kwamba hazikuwemo ni kweli, lakini usilitaje kama sifa. Katiba ya uhuru haikuwa na orodha ya haki, ya 1977 nayo ikaanza bila, zikaja kuingizwa na mabadiliko ya 1984. Zikaanza kutumika Machi 1985 na bado serikali ikajipa miaka 3 ya kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mpaka 1988 ulikuwa huwezi kuishtaki kwa kuvunja haki hizo. Watu walikaa kizuizini miaka hiyo na hawakuwa na ibara ya kushika mkononi. Na wajibu unaoutafuta upo humo humo, ibara ya 25 mpaka 28, kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Tena ile ya 26 inayokutaka utii sheria, kifungu chake cha pili kinakupa haki ya kwenda kuitetea Katiba kisheria. Mtoto akisoma yote hawezi kuwa mkaidi, atakuwa raia.

Baba Kulwa: Mimi nimezungumzia viboko wewe unanipeleka 1984. Jibu viboko.

Bi Mkubwa Tanga: Viboko ndio mada sasa? Haya tuingie. Mjukuu wangu amerudi na mkono umevimba kwa sababu ya kuchelewa namba, na kachelewa kwa kuwa kisima kiko mbali. Naambiwa kuna kanuni, sijui ni viboko 6 au vingapi, mwenye kujua aseme.

Wakili Mtarajiwa: Vilikuwa 6 kwenye kanuni za 1979, mwaka 2002 vikashushwa mpaka 4. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa bibi waulize wazazi hapa nani ameshawahi kukiona hicho kitabu. Ndiyo maana nasema mtoto ajue, maana ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu zinazomtweza.

Ticha wa Kanda ya Ziwa: Kwa hiyo sasa walimu ni watesaji? Kwanza hatujasoma Katiba, sasa tunatesa. Nyie mnafurahi kweli.

Mama Zuhra: Mwalimu hakuna aliyekuita mtesaji, na darasa lililojaa nakuunga mkono kwa asilimia zote, mwalimu naye ana haki, ibara ya 23 inazungumzia ujira unaolingana na kazi. Ungewafundisha watoto hiyo wangekuwa upande wako. Lakini bado hujanijibu, la tano ni mapema au sio mapema?

Ticha wa Kanda ya Ziwa: Ujira uuache kabisa usinitie hasira.

Dogo wa Mbagala: Mimi niko fomu 3 naomba niseme. Sisi tumerudishwa nyumbani kisa michango wakati elimu bila ada ipo toka 2016. Mwenzetu mmoja alisimama akasema elimu ni haki yetu, akaambiwa ana kiburi. Kwa hiyo hata ukifundishwa unafanyaje nayo?

Wakili Mtarajiwa: Dogo hapo umegusa penyewe. Elimu iko ibara ya 11, na ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Yaani imeandikwa lakini huwezi kwenda kushtaki kwa hiyo peke yake. Hili nalo watoto wafundishwe bila kufichwa, wajue ipi inadaiwa mahakamani na ipi ni lengo la serikali.

Baba Kulwa: Unaona sasa! Haki yenyewe haidaiwi halafu unataka ukamjaze mtoto matumaini.

Bi Mkubwa Tanga: Baba Kulwa, kesi ya umri wa ndoa ilifunguliwa na binti, Rebeca Gyumi, sheria ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15. Mahakama Kuu 2016 ikamkubalia, serikali ikakata rufaa, 2019 ikashindwa tena. Alishika Katiba hii hii. Binti zako una wangapi?

Baba Kulwa: Binti zangu wasiingizwe humu bibi, nakuheshimu.

Bi Mkubwa Tanga: Wanaingia mwanangu, wao ndio wanaofundishwa au kunyimwa. Mimi niliolewa na miaka 15, hakuna aliyeniuliza.

Ticha wa Kanda ya Ziwa: Shikamoo bibi. Mama Zuhra, la tano sio mapema, wanaelewa kabisa, waliniuliza wenyewe kwa nini mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura na kiranja anateuliwa. Ila nipeni vitabu. Na michango ya dogo hapo juu, mnajua inalipa nini? Mlinzi na chaki.

Dogo wa Mbagala: Basi serikali ilipe mlinzi, kwani mimi ndiye niliyemwajiri?