Mjadala: Maziwa yachemshwe pamoja na majani ya chai, au yatiwe kikombeni?

Mleta mada (Nairobi)

Ndugu zangu, kila likija suala la kupika chai tunagawanyika pande mbili, na mara nyingi tunabishana kwa mazoea zaidi kuliko kwa sababu. Upande mmoja unashikilia kwamba maji yachemshwe peke yake, yamiminwe juu ya majani ndani ya birika, yafunikwe kwa dakika chache, kisha maziwa yaletwe kando ili kila mnywaji ajitilie kiasi anachokitaka. Kwao, chai ya sufuria ni uji mwembamba uliotiwa rangi. Upande wa pili, ambao ndio wangu, unapika maji, maziwa na majani katika chombo kimoja. Naamini kwamba kwa majani tunayoyalima na kuyanunua Afrika Mashariki, sufuria inalishinda birika.

Sababu ya kwanza ni jani lenyewe. Sehemu kubwa kabisa ya chai ya Kericho, Nandi na Murang'a, na nyingi ya ile ya Mufindi na Rungwe, hupitishwa kwenye roli zenye meno ambazo huliponda jani, hulichana na kulisokota hadi likawa punje ndogo ndogo. Njia hiyo, inayojulikana kwa herufi CTC, ilianzia Assam nchini India katika miaka ya 1930. Punje hizo hutoa rangi na ukakasi kwa kasi kubwa, tofauti na jani zima lililosokotwa taratibu, ambalo hufunguka polepole na ndilo linalofaidika na utulivu wa birika. Chai yetu ikikosa maziwa ya kutosha hukaza ulimi, kwa kuwa protini za maziwa ndizo zinazoushika ukakasi huo na kuupunguza. Tone la maziwa baridi linalotiwa mwishoni haliwezi kazi hiyo, na juu ya hayo linapoza kikombe.

Sababu ya pili ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kule Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903, huchemka kwenye nyuzi za chini zaidi ya hizo. Maji hayo yakimiminwa ndani ya birika la kauri ambalo halikupashwa moto, hupoteza nyuzi nyingine kadhaa kabla hata majani hayajalowa vizuri.

La tatu ni usalama tu: maziwa mengi yanayouzwa mitaani kwetu ni mabichi, na hayapaswi kunywewa kabla ya kuchemshwa.

Mchangiaji wa kwanza (Mombasa)

Mleta mada, nimekusoma kwa makini, ila naona sababu yako ya kwanza inaila ya pili. Ikiwa punje hizo hutoa kila kitu kwa kasi, basi nyuzi 94 zinazitosha, na kuziacha zitokote motoni ni kuzidisha ukakasi uleule unaoutafutia dawa ya maziwa. Sisi tulio kando ya bahari, hoja ya mwinuko haituhusu hata kidogo. Maziwa mabichi yachemshwe, nani amekataa? Yachemshwe peke yake, yaletwe mezani yakiwa moto.

Nakukumbusha pia kwamba Shirika la Kimataifa la Viwango lilipoandika utaratibu wa kuandaa chai mwaka 1980, ule unaoitwa ISO 3103, halikutaja sufuria: ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, ndani ya chombo chenye kifuniko. Mimi asubuhi hunywa chai ya rangi yenye iliki na mdalasini, pamoja na mahamri na mbaazi, wala sielewi harufu ya iliki itasikika vipi ndani ya maziwa yaliyopanda na kushuka mara tatu.

Mchangiaji wa pili (Mwanza)

Ninauza chai mgahawani. Wateja wengi wanaolalamika kwamba chai ni chungu hawajaharibiwa na sufuria wala birika, bali na chupa ya chai ambayo ndani yake majani yameachwa tangu alfajiri. Chujeni kwanza, ndipo mtie kwenye chupa.

Mchangiaji wa tatu (Morogoro)

Nafanya kazi ya afya, na naona wote mnasahau ni wakati gani kikombe kinanywewa. Chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyopunguza zaidi. Mjamzito au mtu mwenye upungufu wa damu ni bora ainywe mbali na mlo, walau saa moja baadaye, iwe imepikwa kwa njia yoyote.

Mleta mada (Nairobi)

Nawashukuru. Kwa mwenzangu wa Mombasa: kasi ya punje haiukatai moto, inapanga zamu tu. Kinachohitaji kutokota ni tangawizi, maana ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachoweza kuyakatisha maziwa, na kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Kwa hiyo mimi huanza na maji na tangawizi iliyopondwa, nikaongeza maziwa, nikasubiri yapande. Hapo ndipo natia majani, kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, na baada ya dakika moja au mbili naepua na kuchuja. Iliki naiponda na kuitia pamoja na majani, si mapema, na harufu yake inafika mezani ikiwa kamili. Majani yanayochemshwa tangu mwanzo hadi yageuke rangi ya matofali, hayo siyatetei.

ISO 3103 nayo iliandikwa ili waonjaji walinganishe jani na jani katika hali moja, na yenyewe inaruhusu maziwa. Haikukusudiwa kutufundisha starehe. Hoja ya mwinuko, watu wa pwani wana haki ya kuiweka kando, sisi wa nyanda za juu hatuna. Na chai ya rangi sina ugomvi nayo, kwa kuwa mada ni maziwa.

Lililobaki, na ambalo hakuna aliyeligusa, ni kiasi. Natumia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha maziwa, nikiamini kwamba nusu kwa nusu huifunika ladha ya jani la mlimani. Najua nyumba nyingi za Bonde la Ufa ambako maji ndiyo machache na maziwa ndiyo mengi. Wenye nyumba hizo waje watueleze.