Majirani wa Soweto, Moshi: Glory na kiburu cha bibi

Mama Glory: Wazee shikamooni, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri. Jumapili tulipanda Marangu kumsalimia bibi yake Glory, tukapakuliwa kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, naye Glory akaonja kijiko kimoja na kusema mbele ya wageni, “Bibi, hiki kichungu, sikitaki.” Bibi alicheka, ila mawifi zangu walinitazama mimi. Njiani nilimweleza kwamba angesema ni kitamu, akaniuliza mbona tulimgombeza aliposema uongo kuhusu sukari. Nikakosa jibu.

Baba Junior: Pole, jirani. Kwangu hiyo ni adabu tu, kwani hakuna anayedhulumiwa. Hata sisi tukikaribishwa chakula tusichokipenda husema tumeshiba.

Mwalimu Mstaafu: Watoto hujifunza adabu hiyo mapema. Mwaka 2007 Victoria Talwar, Kang Lee na mwenzao walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 3 hadi 11 walipewa zawadi ya kipande cha sabuni, na wengi wakamwambia aliyewapa kwamba wameipenda. Wasiwasi wangu uko kwetu wazazi. Chelsea Hays na Leslie Carver, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa umri wa shule waliovutwa kwa ahadi ya peremende, kisha wakaambiwa kwamba peremende zenyewe hazipo, walichungulia walichokatazwa kuliko wenzao ambao hawakudanganywa, na wakakana zaidi.

Mzee Hamisi: Hilo si geni kwetu, Mwalimu. Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe, “Njoo nikupe kitu,” na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, akaambiwa kwamba asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Nasi kila siku tunawaambia watoto, “Nyamaza, nitakuletea biskuti,” tukijua hatuna nia hiyo.

Mama Glory: Sasa Glory nimwambie aseme nini?

Mwalimu Mstaafu: Asifundishwe kukisifu. Akikiita kitamu, Krismasi bibi atamjazia sahani, naye atalazimika kuimaliza! Mweleze kwamba bibi amemenya ndizi na kuchemsha maharage tangu asubuhi kwa ajili yenu, kwa hiyo aanze na shukrani, ambayo ni kweli, kisha aombe apunguziwe. Akiulizwa waziwazi kama amekipenda, aseme bado hajakizoea. Uongo haumo humo, na bibi hajaaibishwa mbele ya wageni.

Baba Junior: Nimekubali kuhusu kiburu. Lakini mtu akigonga mlango nami nimechoka, mtoto akisema baba hayupo, kuna ubaya gani?

Mzee Hamisi: Ubaya ni kwamba jana Junior aliniambia, “Baba amesema hayupo.” Nilikuja kwa ajili ya mchango wa ulinzi shirikishi.

Baba Junior: Shikamoo, mzee. Nipo nyumbani, ila fedha nitapata Ijumaa.

Mzee Hamisi: Marahaba. Basi nitapita Ijumaa baada ya magharibi.