Pete ya almasi ya uchumba: asili, ya maabara au niende na tanzanaiti?

Kijana_Igoma: Habari za jioni wakuu. Mwezi wa 12 naenda ukweni Ukerewe na nataka nimvishe mwenzangu pete ya almasi. Nimeonyeshwa mbili, moja ya almasi ya asili jiwe dogo, nyingine ya almasi ya maabara jiwe kubwa na bei bado iko chini. Kuna jamaa yangu ananiambia niachane nazo zote nichukue tanzanaiti, ni ya nyumbani. Nichukue ipi?

Sato_Mbichi: Mkuu umeandika nusu. Bajeti shilingi ngapi? Dhahabu ya karati ngapi? Mawe yana cheti? Shemeji anafanya kazi gani? Bila hayo kila mtu atakupa lake.

Bi_Nyegezi: Hilo la kazi mdogo wangu usilipite. Mimi ni nesi, pete yangu jiwe limesimama juu limeshikwa na meno manne, kila nikivaa glavu inatoboka. Naivaa Jumapili tu na inaniuma maana mume wangu alijinyima kuinunua. Kama shemeji ni mtu wa kazi za mikono sonara alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu, lisiwe na meno.

Sonara_Kitambo: Watu wanachanganya karati. Karati ya jiwe ni uzito, moja ni gramu 0.2 basi. Karati ya dhahabu ni usafi, 18 maana yake dhahabu asilimia 75 na ndani ya pete utakuta mhuri 750. Sasa kwenye jiwe usikimbilie ukubwa, angalia mkato kwanza. Jiwe likikatwa vibaya mwanga unavujia chini, linakaa kama kipande cha chupa hata liwe kubwa vipi. Rangi inaanzia herufi D ambayo haina rangi kabisa mpaka Z yenye unjano, ila kama pete ni dhahabu ya njano hamna haja ya kulipia D, hata H au I itapendeza sana.

Mzee_wa_Kishapu: Asili kijana wangu. Almasi ziko hapa hapa jirani, mgodi wa Mwadui kule Shinyanga, toka Williamson, yule mjiolojia wa Kanada, alipozigundua mwaka 1940. Lile jiwe la pinki la karati 54.5 lililopatikana 1947 alipewa Elizabeth wa Uingereza kabla hajawa malkia, zawadi ya harusi, likakatwa likabaki karati 23 na ushee. Halafu sisi wa hapa tuvishane za kiwandani?

Buzuruga_Stendi: Mzee heshima yako, ila hilo jina la Mwadui ndilo lililoniliza. 2019 kuna mtu nilikutanishwa naye, akaniambia ana jiwe limetoka Mwadui, limeshakatwa, ananiuzia kwa kuwa ana shida ya ada. Akatoa kile kidude cha kupimia, akaligusa jiwe, kikalia na taa ikawaka. Nikatoa milioni moja na laki tatu, pesa ya mavuno ya mpunga, risiti hamna, cheti hamna. Nikalipeleka kwa sonara mmoja mzee mjini anitengenezee pete, akavaa lenzi yake akaligeuza ubavu, akakaa kimya muda mrefu, halafu akanipa lenzi akasema mwanangu hebu tazama kwa ndani, hizo kona unaziona moja moja au mbili mbili? Mbili mbili. Kumbe ni moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, lenyewe ndilo linaonyesha kona mbili mbili. Kile kidude kinapima joto tu na moisanaiti inapitisha joto karibu kama almasi kwa hiyo kinalia vile vile. Ile namba ya simu haikupatikana tena. Na hata lingekuwa la kweli, kununua mawe kwa mtu asiye na leseni ni kesi.

Sato_Mbichi: Pole sana kaka. Ndio maana nauliza cheti. Mawe mengi yenye cheti yana namba imeandikwa kwa leza pembeni, unaisoma kwa lenzi na unailinganisha na tovuti ya waliotoa cheti, mfano GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito. Mimi nasema maabara, ni almasi ile ile, kaboni ile ile.

Mzee_wa_Kishapu: Siku ukitaka kuiuza?

Sato_Mbichi: Pete ya uchumba unaiuzaje mzee wangu! Na hata ya asili ukiirudisha dukani hupati ulichotoa.

Kijana_Igoma: Samahanini nilikuwa barabarani. Bajeti mwisho milioni 2. Mwenzangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, anaanika mwenyewe. Cheti sikuuliza.

Sonara_Kitambo: Basi tanzanaiti iondoe. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 mpaka 10, mchanga wa kuanikia dagaa ni 7, tanzanaiti ni 6 mpaka 7, ndani ya mwaka jiwe limechubuka limefifia. Almasi ni 10, mchanga hauifanyi kitu. Ila almasi inapenda mafuta, mgodini zamani waliipitisha kwenye meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanapita na maji yenyewe inanasa. Kwa hiyo mafuta ya dagaa yataganda chini ya jiwe, aoshe na maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini.

Mama_Wawili: Milioni 2 ya pete na mahari je? Kwetu ng'ombe kwanza.

Mzee_wa_Kishapu: Hapo umenena binti.

Bi_Nyegezi: Jamani aliuliza pete. Kijana, saizi ya kidole unaijua?

Kijana_Igoma: Nilipima kwa uzi akiwa amelala, asubuhi.

Bi_Nyegezi: Rudia jioni, joto likizidi vidole vinavimba, na uzi upite kwenye kifundo.

Kijana_Igoma: Sawa dada, wabeja sana. Kesho narudi dukani kuulizia cheti cha zote mbili. Sonara, huo ukingo wa kuzungushia unaongeza dhahabu gramu ngapi?

Sonara_Kitambo: Niletee kwanza jiwe ni milimita ngapi.