Mwanagenzi wa kituo cha wanyamapori: apewe nauli, au kujitolea ni kujitolea?

Wadau, tujadiliane hili bila kukasirikiana. Kila kijana wa Nairobi anapouliza kama vituo vya kuokoa na kutibu wanyamapori humpa mwanagenzi chochote, jibu huja haraka: "Ukitaka pesa nenda benki. Huku watu huja kwa kuwapenda wanyama." Jibu hilo nalipinga, na nalipinga kwanza kwa ajili ya wanyama wenyewe, kijana baadaye.

Nilijitolea miezi mitatu katika kituo kimoja pembezoni mwa jiji. Nyumbani ni Kayole. Ili niwe kizimbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa naamka saa tisa na nusu, napanda matatu ya kwanza hadi mjini, nakata kwa miguu hadi kituo cha matatu cha Railways, napanda nyingine ya Barabara ya Lang'ata. Shilingi 320 kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha hata 450. Siku sita kwa wiki. Mama yangu anauza mboga, na nauli ile ilitoka kwenye kikapu chake.

Kazi yenyewe, sehemu kubwa, ni kukata matunda, kusugua vizimba, kufua matambara, kupima uzito na kuandika daftarini. Wiki ya pili nikakabidhiwa mtoto wa tumbili aliyeokotwa chini ya nyaya za stima, akiwa bado amemng'ang'ania mama yake aliyekufa. Hakufika nusu kilo. Maziwa unayapasha, unajidondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Ukihisi joto kali, unasubiri. Unamshika tumbo likiwa chini, kiganja kimebeba kifua. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaweza kuingia mapafuni, na siku mbili tatu baadaye una nimonia mikononi mwako. Tone, unangoja ameze, tone jingine. Mlo mmoja ulikuwa unachukua dakika arobaini, na baada ya saa tatu unaanza upya. Ilinichukua siku tisa mkono wangu kuijua kasi ya koo lake.

Siku hizo tisa ndizo hoja yangu. Niliyeanza naye, kijana wa Githurai, alikuwa na mkono mwepesi kwa ndege kuliko sisi sote. Kulikuwa na bundi aliyepigwa mawe na watu walioamini analeta kifo, bawa limevunjika. Yeye aliweza kulifunga kwa bendeji ya umbo la nane bila bundi kupiga hata mdomo. Siku chache baadaye akaishiwa nauli, akaacha. Nafasi yake ikashikwa na watu watatu waliopokezana, kila mmoja wiki mbili, na kila mmoja alianza kufundishwa upya. Kwa bundi, mkono mgeni ni hofu: anahangaika, bendeji inalegea, mfupa unasogea. Yule bundi hakuruka tena. Siwezi kuapa kwamba angeruka kama kijana wa Githurai angebaki, mifupa ya bawa ina mambo yake. Lakini nilikuwepo kila bendeji ilipofungwa upya.

Mnyama anayelelewa ili arudi porini anahitaji walezi wachache, wenye ujuzi, wasiobadilishwa ovyo. Hapa hapa Nairobi tuna mfano. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alilijifunza hili kwa uchungu. Alimlea ndama wa ndovu aitwaye Aisha, ndama akamzoea yeye peke yake, na Daphne alipoondoka kwenda harusi ya binti yake, ndama akadhoofika akafa. Siku hizi walezi wa ndovu mayatima wa Sheldrick Wildlife Trust, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hupokezana ili ndama asimshike mtu mmoja, na usiku hulala naye zizini. Wageni wa mchana huruhusiwa kwa muda wa saa moja tu. Lakini wanaopokezana ni walezi walioajiriwa, wanaolipwa mshahara, na ndovu wanawajua. Hapo ndipo kupokezana kunapotofautiana na kuja na kupotea.

Naijua hoja ya wenye vituo, na si hoja ya kijinga: pesa ya mfadhili ni ya mnyama. Maziwa, dawa, mafuta ya gari la kwenda kumchukua mnyama Kitengela usiku. Ukame wa 2022 uliua ndovu 205 kati ya Februari na Oktoba kwa hesabu ya serikali, na ukame kama huo huacha ndama wa kulelewa. Ni kweli pesa haitoshi. Lakini mlezi mzoefu anayeanza kila nusu mwezi kumfundisha mgeni namna ya kushika bomba la sindano naye ni gharama, ila hakuna anayeiandika daftarini.

Wala siombi mshahara. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, Machi hadi Mei, na jambo kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Wao walikuwa wakibishania kiasi. Sisi wa vizimbani hatujafika hata kwenye nauli.

Kuna wanaosema: mbona Wazungu hulipa wao ili waje kujitolea, na nyinyi mnataka mpewe? Hapa niseme kwa haki. Muuguzi wa wanyama kutoka Uingereza ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuhisi mfupa wa ndege kwa ncha za vidole, na alinifundisha kwa moyo. Pesa yao hununua maziwa. Shida ni kwamba aliyelipia wiki mbili anatarajia kubeba mtoto wa mnyama, na kituo kinachotegemea pesa hiyo hakina uwezo wa kumkatalia. Tumbili aliyebebwa na kila mtu haogopi tena mtu. Mwachilie karibu na makazi ya watu, ataingia jikoni kwa mwenye nyumba, na huko kuna mbwa na mawe. Mzee mmoja wa vizimba alikuwa ananiambia kila asubuhi, "Mwanangu, mlishe, uondoke. Wewe si mama yake." Nilikuwa natamani kumbembeleza yule mtoto mpaka machozi yanilengelenge. Nilimlisha, nikaondoka.

Wale wa "hata sisi tulianza hivyo", nawauliza tu mlikuwa mnalala kwa nani. Wenye shangazi Lang'ata hufika.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, huwezi kumweka mnyama wa porini bila kibali. Pendekezo langu ni kwamba kibali cha kituo kinachopokea wanagenzi kiwe na sharti: nauli na chakula cha mchana, na asiyeweza kukaa angalau miezi mitatu asiguse mtoto wa mnyama anayeandaliwa kurudi porini. Akate matunda, afanye usafi, hiyo nayo ni kazi. Na kabla mtu hajaingia kizimbani achanjwe kichaa cha mbwa. Mimi tumbili mkubwa aliniuma kidole kupitia wavu. Niliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, nikaenda kuchomwa sindano, si moja, na zote nilizilipia mimi. Nchi imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa wa nyumbani kufikia 2030. Haiwezekani wanaoshika wanyama kila siku wajitafutie chanjo wenyewe.

Wenye vituo, wafadhili, wanafunzi wa udaktari wa wanyama wa Kabete mnaotafuta pa kwenda likizo ijayo, karibuni mnipinge. Hesabu yangu ni hii: shilingi 320 kwa siku 26 ni 8,320 kwa mwezi. Wanagenzi wanne kwa miezi mitatu ni shilingi 99,840. Mwenye kituo aniambie ni wapi nimekosea, na kama sijakosea, aniambie bundi mmoja aliyeshindwa kuruka, anayelishwa panya kizimbani maisha yake yote, anamgharimu kiasi gani.