Tunahubiriwa tununue nguo chache zenye ubora. Huo ubora mnauzia wapi?

Wakuu heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe kule kwenye urembo na mitindo, utafia huko. Hili ni suala la pesa na watu kupigwa mchana kweupe.

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na stailisti amekaa mbele ya kabati lenye henga za mbao, anakuambia acha kurundika, nunua nguo chache, nzuri, zitakazodumu. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Nguo zangu nyingi nimeshawagawia wadogo zangu, nimebaki na za kuhesabika, na utaratibu wangu sasa ni kwamba mshahara ukitoka nanunua kitu kimoja cha maana badala ya vinne vya kupoteza. Kinachonitoa povu ni kwamba ukiwa tayari kulipa bei ya kitu cha maana, mjini hapa unauziwa takataka ile ile ya siku zote, ila safari hii imetiwa kwenye mfuko wa karatasi wenye kamba za kushikia.

Tuchukue shati jeupe nililonunua. Duka silitaji, liko Sinza, kiyoyozi kinapuliza, muuzaji ananukia vizuri. Elfu sabini na tano. "Kaka hii ni Uturuki, pamba tupu, utaivaa mpaka uichoke mwenyewe." Nikaangalia lebo ya ndani, kweli imeandikwa pamba asilimia 100. Nikalipa.

Halikumaliza hata miezi miwili, kola ikaanza kufanya mapovu. Kwa wasiojua, ndani ya kola kuna gamu, kile kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa moto ili kola isimame. Gamu nzuri haibanduki. Ya bei chee ikishafuliwa mara kadhaa inaachia vipande vipande, katikati panabaki hewa, na ukipiga pasi ndiyo unamaliza kabisa kwa sababu inajikunja ikiwa ndani na huwezi kuifikia. Shati bado jipya, kola imeota majipu. Vifungo navyo vimeshonwa kwa uzi wa kupita tu, ukivuta kimoja kinakuja na mwenzake.

Nikapata wasiwasi na ile lebo. Nikageuza shati, nikachomoa nyuzi chache kwenye pindo la chini, nikaziwashia kiberiti juu ya kisosi. Jaribuni wenyewe nyumbani, halihitaji maabara. Pamba ikiungua inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu, ukiligusa linapotea. Za kwangu zilijikunja zikiukimbia moto, zikayeyuka, zikagandamana kuwa punje nyeusi ngumu, ukiibonyeza kwa kucha inagoma. Wife akauliza kutoka jikoni nani anachoma ndoo. Hiyo ni polista, ndugu zangu. Plastiki. Labda na pamba kidogo ya kuzugia.

Nikarudi dukani na shati langu. Unajua nilichojibiwa? Kwanza, "Bosi wangu, mali ikiuzwa hairudishwi, mbona imeandikwa kwenye risiti." Risiti yenyewe ya kuandika kwa peni, ya mashine sikupewa. Pili, eti nimelifuaje? Shati la hivi ni la kupeleka drai klina. Shati! La kuvaa kazini Dar es Salaam! Siku hiyo hiyo nikapita Kariakoo, Mtaa wa Congo, nikalikuta limetundikwa nje kwa elfu kumi na nane. Kifungo kile kile, lebo ile ile, uongo ule ule. Tofauti ni kodi ya fremu na umeme wa kiyoyozi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Zamani bei ilikuwa inakuambia kitu. Ulikuwa unajua cha elfu kumi ni cha elfu kumi na unakubali yaishe. Sasa hivi bei haikuambii chochote kuhusu nguo, inakuambia kuhusu mtaa. Neno "Uturuki" nalo limekuwa la kuongezea elfu ishirini juu. Ukimuuliza muuzaji kitambaa gani hiki, anakujibu "hiki ni kizuri". Uzito wake je? Anakuangalia kama umemuuliza umri wa mama yake.

Halafu hawa wahubiri wa nguo chache hawasemi jambo moja la hesabu nyepesi kabisa. Nguo zikiwa chache, kila moja inafuliwa mara nyingi zaidi. Ukiwa na mashati kumi na tano, moja linaingia kwenye beseni kila baada ya wiki tatu. Ukibaki na matano, kila wiki kila shati linafuliwa, yaani mara hamsini na ushee kwa mwaka. Na kuvaa mara mbili bila kufua hapa kwetu sahau. Toka Mbagala na daladala mwezi wa pili, fika Posta umebanwa dirishani, uone jioni shati lina hali gani. Maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya unga, kufikicha kola kwa mkono, jua la saa sita kwenye kamba. Nguo ya kuhimili hayo kwa mwaka mzima lazima iwe ngumu kuliko ya mzungu, siyo sawa na yake.

Mahubiri haya ya nguo chache asili yake ni London miaka ya 1970. Mama mmoja anaitwa Susie Faux alikuwa na duka la nguo, akawa anawapanga wateja wake wawe na vipande vichache vinavyovaliana. Mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan kule New York akatoa vipande vyake saba, biashara ikachanganya. Sawa. Koti la sufu la kule linavaliwa baridi nzima bila kuona maji. Sasa stailisti wetu wa Mikocheni kachukua orodha ile ile, kaitafsiri, anaiuza PDF elfu kumi na tano. Nimeiona. Ina koti refu la mvua la rangi ya biskuti. Ina sweta la sufu ya kashmiri. La kuvaa wapi, Temeke? Mwisho wa orodha kuna namba ya duka, kumbe ni la shoga yake.

Na kwenye orodha yote hiyo hakuna sare.

Hebu tuongee ukweli. Kabati la Mtanzania halijazwi na tamaa, linajazwa na kamati. Sendofu ina sare, harusi ina sare, kipaimara kina sare, mama mkwe akitimiza miaka sabini kuna kitambaa mmetumiwa kwenye grupu na namba ya kulipia. Mke wangu ana magauni ya rangi zote ambazo binadamu amewahi kuzipa jina, kila moja limevaliwa siku moja, na hakuna hata moja alilochagua yeye. Kitambaa kinateleza, hakinyonyi jasho, fundi kakishona usiku wa kuamkia shughuli. Ukisema wewe ni mtu wa nguo chache huwezi kuchangia sare, jiandae kuitwa majina ukoo mzima. Mwenye dawa ya hili aje, nitamsikiliza kwa heshima zote.

Najua kuna watakaosema nenda Karume kwenye mitumba. Nakubali, mtumba mzuri mpaka leo unaishinda nguo ya dukani. Ninalo shati la Karume la elfu sita ambalo kola yake haijawahi kunisumbua. Lakini anayenunua belo la kilo 45 ananunua akiwa amefumba macho, akilifungua anakutana na kile wenzetu wa nje wanachotupa. Na wanachotupa sasa ni nguo za fasheni za kuvaa mara tatu, kwa sababu hata wao wameshahama kwenye pamba, zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni polista. Vile vichache vya krimu, yaani vya daraja la kwanza, vinachambuliwa alfajiri na wenye maduka, vinafuliwa, vinapigwa pasi, jioni unavikuta mjini vinaitwa special. Wewe unayetoka kazini saa kumi na moja unabaki kufukua chini ya meza.

Mnakumbuka mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019? Marekani ikatikisa AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine tukanywea. Rwanda ikakaza, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zao zikanyimwa ule msamaha wa kodi wa AGOA. Ugomvi wote ule ulikuwa mitumba au viwanda. Sikumbuki mtu aliyeuliza shati la kiwandani litakuwa shati la namna gani.

Kinachouma zaidi, pamba tunalima sisi. Simiyu, Shinyanga, Mwanza, wakulima wanaichuma kwa mkono. Ikishachambuliwa mbegu, nyingi inapanda meli. Nchi hii ilikuwa na viwanda vya nguo: Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Urafiki pale Ubungo iliyojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968. Leo mtoto wa mkulima wa pamba anauziwa plastiki iliyoandikwa "pamba", anaambiwa aipeleke drai klina.

Wa sheria humu mtanisahihisha, lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. FCC, yaani Tume ya Ushindani, nawaona wakiteketeza bidhaa bandia zenye nembo za makampuni ya watu, hongereni. Na aliyeandika asilimia 100 kwenye kitu cha kuyeyuka, huyo anamhusu nani? Mwenye nembo analindwa, mimi niliyetoa elfu sabini na tano natafutiwa makosa ya kufua.

NYONGEZA. Nimesoma majibu ya mwanzo. Aliyeniambia "acha ubahili mkuu, nunua cha laki mbili" hajaelewa uzi. Lete ushahidi kwamba cha laki mbili si kile kile cha elfu kumi na nane chenye kodi kubwa zaidi ya fremu, nitanunua kesho asubuhi.

Mnaosema "nenda kwa fundi", nimekwenda. Siongelei ahadi za njoo kesho, hizo tumezizoea. Naongelea suruali ya kadeti. Kitambaa nilikinunua mwenyewe, pamba kweli, nilikichoma kwanza. Fundi hakukiloweka kabla ya kukata, kufuliwa mara ya kwanza ikarudi, visigino vyote nje. Nikasema basi tuachie pindo. Pindo lipi? Hakuacha akiba, kakata karibu na mshono akapitisha juu ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisichomoke. Kiunoni hivyo hivyo, kwa hiyo nikinenepa kidogo suruali nzima ni ya kugawa. Suruali ya kudumu inakuwa na akiba ya vidole viwili pale nyuma ya kiuno, wazee wa cherehani wanalijua hilo. Hawa vijana wanabania kitambaa ambacho si chao, sijui wanakipeleka wapi. Na uzi wanaotumia ukiuvuta kwa mikono miwili unakatika kama tambi.

Fundi mmoja kajibu hapo chini kwamba wateja hawataki kulipia kazi nzuri, wanataka elfu kumi na tano na iwe tayari Ijumaa. Kaka hapo una hoja na sibishani nayo. Ila mimi nilikupa muda na nikauliza bei ya kazi nzuri, hukuwa nayo. Wekeni bei mbili ukutani: ya kuwahi na ya kudumu. Anayetaka ya kudumu ajue anaongezewa nini, uzi gani, gamu gani, akiba kiasi gani.

Sasa wafanyabiashara na mafundi mliojaa humu, nina laki mbili na nusu ya mashati mawili na suruali moja. Nataka picha ya ndani, mishono, kola na pindo, picha ya modo kaa nayo. Andika hapa hapa kitambaa ni nini, bei kwa mita ukiwa unauza kitambaa, na kama kikiyeyuka kwenye kiberiti changu unarudisha hela au hurudishi. Anayetaka kuniambia "bei njoo inbox" apite kimya kimya, asinijazie uzi.