Kwa nini kimelea cha malale hutumia glukosi kwa ufujaji?

Muulizaji: Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, kikiwa katika damu ya binadamu huvunja glukosi hadi kufikia piruveti (zao la katikati ya safari), kisha huitupa nje badala ya kuimalizia ndani ya mitokondria (mitambo ya nishati ya seli). Hivyo hupata molekuli 2 tu za ATP (molekuli ibebayo nishati katika seli) kwa kila molekuli ya glukosi, ilhali seli zetu nyingi hupata takriban 30. Kinawezaje kustahimili hasara hiyo?

Jibu la kwanza: Ndugu, hasara huwa hasara pale mali inapokuwa adimu. Damu ina takriban milimoli 5 za glukosi kwa lita, na mwili huirudisha kila inapopungua, kwa hiyo kimelea hufidia uchache wa mavuno kwa kasi. Kikiingia katika utumbo wa mbung'o, ambamo glukosi huisha upesi baada ya mlo wa damu, kimelea hicho hicho huiamsha mitokondria yake na kutegemea zaidi prolini, aina ya asidi amino.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst walionyesha kwamba vimeng'enya 7 vya mwanzo vya glaikolisisi (uvunjaji wa glukosi hadi piruveti) vimefungiwa ndani ya vifuko viitwavyo glaikosomu. Heksokinesi (kimeng'enya cha hatua ya kwanza) ya kimelea hiki haizuiwi na zao lake kama ilivyo kwa heksokinesi zetu nyingi. Ndani ya kifuko, ATP inayotumika hulingana na inayozalishwa, na faida hupatikana nje, katika hatua ya mwisho. Utando wa kifuko ukiondolewa, ATP iliyopatikana nje huvutwa na hatua za mwanzo pasipo breki, na sukari zenye fosfeti hulundikana hadi kukidhuru kimelea chenyewe.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Basi kwa nini tusiizuie tu glaikolisisi?

Jibu la tatu: Kwa sababu chembe zetu nyekundu nazo huishi kwa njia hiyo hiyo, dawa lazima ilenge tofauti iliyopo kati ya vimeng'enya vya vimelea na vyetu. Ugumu huo upo pia kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria: chembe nyekundu iliyoambukizwa huweza kutumia glukosi hadi mara 100 zaidi ya chembe isiyoambukizwa na hutoa asidi ya laktiki, jambo linalochangia damu ya mgonjwa wa malaria kali kuwa na asidi nyingi. Kwa Plasmodium, watafiti wengi wanalenga PfHT1, protini inayopitisha glukosi kwenye utando wake, kwa kuwa imetofautiana vya kutosha na GLUT1, protini ya binadamu yenye kazi hiyo hiyo.